Hamira ya Kondoo

Ni ada yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili kulalamikia uhaba wa istilahi. Hulalamika semina, hulalamika makongamano, na tukishamaliza kulalamika hunywa chai tukaenda zetu. Nami nililalamika pamoja na wenzangu miaka mitatu mizima bila kutambua kwamba jambo lenyewe laweza kumgharimu mtu. Nilikuja kutambua mwaka wa 2023, pale wanakondoo wawili wa baba yangu walipokufa huko Maungu, na sehemu ya kisa cha kufa kwao ikawa ni ujumbe mfupi niliouandika nikiwa maktabani. Jambo hili sijawahi kulieleza kwa ukamilifu, hata kwa baba mwenyewe. Ninalieleza hapa kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ndio watu wa pekee ninaowajua ambao hawatacheka nikisema kwamba chanzo kilikuwa kiambishi awali.

Asiyepajua Maungu huenda amepapita mara nyingi akiwa usingizini. Ni mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, mwendo wa kilomita 30 hivi kabla ya kufika Voi kwa msafiri anayetoka pwani. Malori hupumzika hapo, na nyuma ya maduka umesimama Mlima Maungu. Upande mmoja kuna ranchi zinazoenea kuelekea Kasigau, upande wa pili mbuga ya Tsavo Mashariki. Mgeni akisikia Taita huwaza Wundanyi, ukungu, migomba na mboga. Huku kwetu ni nyika. Ng'ombe, mbuzi na kondoo ndio shamba letu. Wakazi ni Wataita, Wakamba, Waduruma, Wasomali na wengineo walioletwa na barabara, na lugha inayotuunganisha sote ni Kiswahili, ila ni Kiswahili cha watu wenye haraka.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu kubwa ya upembe huu wa Afrika. Baba alipoteza ng'ombe wake wote isipokuwa mmoja, ndama jike mwekundu. Mwezi wa Machi 2023, majani yalipoanza kuchipuka, alikata shauri kujaribu jambo ambalo hakuwahi kulifanya: kunenepesha wanakondoo zizini badala ya kuwaachia nyika. Alinunua 12, chotara wa Dorper na wale wenyeji wenye vichwa vyeusi, wa umri wa miezi tisa hivi. Alipiga hesabu kwamba kufikia Idd el-Hajj mwishoni mwa Juni wangekuwa wametimiza mwaka, maana wanunuzi wa Mombasa humfungua kondoo mdomo na kuangalia meno kabla ya kutaja bei. Fedha zake zilikuwa na kazi moja tu, nayo ilikuwa karo yangu ya mwaka wa nne.

Katika duka la dawa za mifugo mjini Voi aliuziwa, pamoja na chumvi na dawa ya minyoo, pakiti mbili za unga. Aliambiwa kwamba kondoo hunenepa upesi wakitiliwa unga huo katika chakula. Maandishi ya pakiti yalikuwa ya Kiingereza. Dada yangu akazipiga picha kwa simu na kuniletea, akauliza kwa niaba ya baba: hizi ni nini, na zinatumiwaje?

Pakiti moja iliitwa probaiotiki, nyingine pribaiotiki. Msomaji atanielewa nikisema kwamba nilifurahi. Wiki ile nilikuwa nikijitayarisha kwa mtihani wa mofolojia, na hapa nimeletewa maneno mawili yaliyo tayari kuchanganuliwa. Nikajibu papo hapo: kiambishi "pri" chatoka Kilatini, maana yake ni kabla, "pro" ni kwa ajili ya, na shina ni neno la Kigiriki lenye maana ya uhai. Nikamalizia kwa sentensi ambayo bado naikumbuka neno kwa neno: "Zote mbili ni dawa ya kunenepesha, ile ya pri itangulie, ya pro ifuate."

Etimolojia yangu haikuwa na dosari. Ujumbe wenyewe ulikuwa na makosa mawili.

Kosa la kwanza lilikuwa hilo la kutanguliza. Probaiotiki ni vijiumbe hai, aghalabu bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa, au hamira, ambavyo mnyama au mtu hupewa kwa kiasi cha kutosha ili vimnufaishe. Hivyo ndivyo wataalamu wa mashirika ya FAO na WHO walivyoeleza mwaka wa 2001, na wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwanasayansi Élie Metchnikoff, mzaliwa wa himaya ya Urusi aliyefanya kazi Paris na kupata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1908, alidai kwamba wakulima wa Bulgaria waliishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa yao ya mgando. Pribaiotiki nayo haina uhai wowote. Ni chakula ambacho mnyama mwenyewe hawezi kukimeng'enya, lakini ambacho vijiumbe wema walio tumboni mwake hukifurahia. Neno hilo lilibuniwa na Glenn Gibson na Marcel Roberfroid mwaka wa 1995, na "kabla" iliyomo ndani yake haimaanishi kwamba pakiti hii itumiwe kabla ya ile. Zaweza kutolewa pamoja siku moja. Laiti ningalisoma maandishi madogo ya nyuma ya pakiti badala ya kusoma jina!

Kosa la pili lilikuwa neno dawa. Tuna neno gani lenye mikono mirefu kuliko hili? Kuna dawa ya homa, dawa ya mbu, dawa ya meno na dawa ya viatu. Dawa ya moto ni moto. Na mganga naye ana dawa zake. Hata duka lenyewe ni duka la dawa, kwa hiyo kila kitokacho humo kimeshabatizwa kabla hakijafika nyumbani. Na dawa ina adabu zake ambazo kila mtu anazijua. Huzuia madhara. Huyeyushwa vizuri katika maji ya moto. Mgonjwa akizidiwa, huongezwa.

Baba alifuata ujumbe wangu kikamilifu. Mwezi mzima wa Aprili aliwapa wanakondoo pakiti ya "kabla". Siku ya mwisho wa mwezi alifungua pakiti ya pili, na kwa kuwa mwanawe msomi alikuwa amesema kwamba ile ya kwanza ni ya kutangulia, aliona matumbo yameshatayarishwa na sasa kazi ya kunenepesha ianze. Hadi siku hiyo alikuwa akiwapa nyasi kavu, pumba, na gorogoro moja ya mahindi yaliyoparazwa kwa wote 12. Siku hiyo aliwamiminia gorogoro nne, yaani kilo 8 hivi, akitumaini kwamba dawa ingeyashughulikia.

Kwa mtu asiyefuga, kilo 8 kwa kondoo 12 si kitu. Lakini tumbo la mcheuaji lina vyumba vinne, na cha kwanza, kiitwacho rumeni, ni kama pipa la kuchachushia. Halimeng'enyi nyasi lenyewe; vijiumbe wasiohesabika walio ndani yake ndio hufanya kazi hiyo, na kila aina ya chakula ina wafanyakazi wake. Wanga wa mahindi ukiingia kwa wingi na kwa ghafla, wale wanaoupenda huzaana haraka na kutoa asidi ya laktiki, asidi ile ile inayoyafanya maziwa yawe machachu. Wale wanaoitumia asidi hiyo hawajawa wengi bado. Pipa huchachuka kupita kiasi, ngozi ya ndani huungua, asidi huingia katika damu. Ndiyo maana wafugaji huongeza nafaka kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili au tatu.

Wa kwanza alikufa Alhamisi, wa pili usiku wa Ijumaa. Nilipanda basi la usiku kutoka Nairobi na kushuka Maungu alfajiri ya Jumamosi kati ya malori, hewa ikinuka dizeli na vumbi lililonyeshewa. Nilimkuta daktari wa mifugo, aliyekuja kwa pikipiki kutoka Voi, amepiga magoti zizini na kisu mkononi. Alipolipasua tumbo harufu ya uchachu ilinifikia nilipokuwa nimesimama langoni. Akachota kiganja cha mahindi yaliyolowa, akatuonyesha jinsi utando wa ndani ulivyobanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

"Mzee, huu si ugonjwa," akasema. "Ni mahindi."

Waliokufa walikuwa wale wawili wakubwa kuliko wote, waliokuwa na nguvu za kuwasukuma wenzao hadi wakashiba zaidi.

Baba akanitazama. "Na ile dawa, Mwalimu? Haikuzuia?" Huniita Mwalimu tangu nilipojiunga na chuo, kwa fahari na kwa kejeli kidogo. Niliuliza imetayarishwaje. Dada akanionyesha sufuria: ilikuwa imeyeyushwa katika maji yaliyotokota, ili iingie vizuri. Kisha, kwa kuwa wanakondoo wengine walikuwa wameanza kukohoa, poda ya viuavijasumu ilitiwa katika ndoo hiyo hiyo. Kwa hiyo hamira iliuawa na moto, na kama kuna bakteria aliyenusurika moto, basi viuavijasumu vilimmaliza. Tulikuwa tumewalisha kondoo mizoga ya vijiumbe kwa bei ya vijiumbe hai.

(Kuhusu viuavijasumu: ni istilahi safi, na tunaisifu darasani, lakini sijawahi kumsikia mfugaji yeyote wa Maungu akiitamka. Hata hivyo vina nafasi yao katika kisa hiki. Wafugaji wa nchi nyingi walivitia katika chakula cha mifugo kwa miongo kadhaa ili kuwakuza, hata wasio wagonjwa, mpaka ikadhihirika kwamba desturi hiyo huzalisha bakteria sugu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku tangu tarehe 1 Januari 2006, na pengo lililobaki likajazwa kwa kiasi fulani na pakiti kama zile za baba.)

Jioni ile nilijaribu kueleza. Nilianza na vijiumbe, nikaingia katika uwiano wa vimelea tumboni, nikarudi kwa bakteria rafiki. Baba alinisikiliza kwa heshima, kama amsikilizavyo mhubiri mgeni. Mama alikuwa jikoni akikanda unga wa mandazi ya Jumapili. Alitoa kichwa mlangoni, mikono imejaa unga.

"Kwani ni hamira?"

Nikanyamaza. Nilichukua pakiti nikasoma yale maandishi madogo. Saccharomyces cerevisiae: ndiyo hamira yenyewe, spishi ile ile ya mkate na mandazi, ijapokuwa ya ukoo uliochaguliwa kwa matumbo ya wanyama. Nikamwambia ndiyo, ni hamira, pamoja na bakteria wachache.

"Sasa ni nani aliyewaambia muitie maji ya moto?"

Baada ya hapo sikuwa na haja ya kueleza mengi. Kila mtu nyumbani mwetu anajua kwamba hamira huuawa na maji yanayotokota, kwamba ya mwaka jana haifurishi tena, kwamba haiachwi juani, na kwamba haifanyi kazi ya unga bali huusaidia unga uliopo. Mama huitia katika maji ya uvuguvugu pamoja na kijiko cha sukari ili iamke, na hapo hapo pribaiotiki nayo ikapata mfano: ni kama ile sukari ya kuamshia, isipokuwa kondoo mwenyewe hawezi kuila. Hata ile ndoo yenye viuavijasumu ilieleweka kwa maziwa. Mama hubakiza maziwa kidogo chini ya kibuyu ili yagandishe mapya. Maziwa ya ng'ombe aliyetoka kudungwa sindano hukataa kuganda, na hilo alilijua zamani kabla yangu.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Hatimaye akasema, "Ungeniambia hamira tangu mwanzo." Kisha akajilaumu: huenda dada hakuusoma ujumbe sawasawa, huenda yeye mwenyewe hakusikia vizuri, upepo ulikuwa mwingi siku ile. Nami, msomaji, nilimwacha aamini hivyo. Nilikuwa na ujumbe wenyewe mfukoni, ndani ya simu yangu.

Wanakondoo kumi waliobaki waliuzwa wiki ya Idd. Hazikutosha. Pengo lilijazwa na yule ndama mwekundu aliyeuepuka ukame, jambo nililoambiwa na dada miezi miwili baadaye, baba hakulitaja.

Mwaka uliofuata tulijaribu tena, mara hii tukiwa na kondoo kumi na daftari. Watano walipata hamira, watano hawakupata. Tuliwapima kila Jumapili baada ya kanisa kwa mizani ya kuning'iniza na gunia lililokatwa. Mahindi yaliongezwa kwa wiki tatu. Hakuna aliyekufa. Kufikia Juni 2024 wale wa hamira walikuwa wamewapita wenzao kwa kilo moja hivi kwa wastani. Baba huitaja kilo hiyo kwa majirani kama shahidi. Mimi sina imani nayo sana, kwa kuwa mmoja wa wale watano wengine alisumbuliwa na minyoo msimu mzima akaushusha wastani wa kundi lake, na kondoo kumi ni wachache mno. Nadhani kilichowaokoa ni zile wiki tatu. Tunabishana kuhusu hili hadi leo.

Nimesoma mengi tangu hapo, zaidi ya nilivyosoma kwa mtihani ule wa mofolojia, na matokeo ya watafiti ulimwenguni yanatofautiana. Hamira hai yaonekana kusaidia hasa mnyama anapolishwa nafaka nyingi: hutumia ile oksijeni kidogo inayoingia rumeni pamoja na chakula, na huwachochea bakteria wanaotumia asidi ya laktiki. Humfaa pia mnyama aliyechoshwa na safari au aliyebadilishiwa malisho. Akilishwa vizuri na bila misukosuko, tofauti huwa ndogo au haionekani. Pribaiotiki ina shida nyingine: nyingi huliwa na wakazi wa rumeni kabla hazijafika utumbo zilikokusudiwa. Hunufaisha zaidi mwanakondoo anyonyaye, ambaye maziwa yake huruka chumba cha kwanza na kushukia mbele. Nilipomweleza baba hayo alicheka kwa uchungu: "Yaani Aprili nzima nilikuwa nawalisha wapiti njia." Na wala hakuna mojawapo iliyo tiba ya minyoo, ambayo ndiyo adui mkubwa wa Dorper wetu. Utafiti uliofanywa Diani, hapa pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990 ulidhihirisha kwamba kondoo wekundu wa Kimaasai huwahimili minyoo kuliko Dorper. Kwa fedha za pakiti kadhaa mtu angeweza kuanza kuchanganya damu.

Jambo moja bado lanivutia. Inulini, pribaiotiki mashuhuri kuliko zote, imo kwa wingi katika shina la mkonge, na mashamba ya mkonge tunayo Voi na Mwatate, yenye mabaki ya kila siku. Sijui kama litawafaa kondoo wa Maungu, kwa sababu ile ile ya rumeni. Lakini ni ajabu kidogo kusafirishiwa unga kutoka ng'ambo ilhali mimea ya jamii hiyo imesimama kando ya barabara.

Nilipoliwasilisha neno hamira katika semina yetu, mhadhiri alilikataa, na alikuwa na haki: hamira ni kuvu, ilhali probaiotiki nyingi ni bakteria. Mwenzangu alipendekeza vijiumbe rafiki, mwingine akashikilia probaiotiki na pribaiotiki. Nilipinga hayo mawili ya mwisho na nitaendelea kuyapinga. Ni jozi mlinganuo finyu: irabu moja ndiyo inayoyatenga, na irabu hiyo isikike zizini, penye upepo, malori yakipanda barabara, kwa simu yenye salio la dakika mbili.

Baba hakungoja uamuzi wa semina. Kopo la unga ule ameliandika kwa kalamu ya wino mzito: HAMIRA YA KONDOO. MAJI YA UVUGUVUGU. ISIKAE JUANI. Pembeni yake darini kuna kopo la pili, lenye mabaki ya ile pakiti ya Aprili, nalo halina maandishi yoyote. Kila ninaporudi likizoni hulishusha, hulitikisa, huniuliza, "Na hiki, Mwalimu, tukiiteje?" Safari ijayo nitampa kwanza jarida hili alisome. Kiswahili chake ni kizuri na macho yake yangali mazima. Atakapofika kwenye ule ujumbe wa maktabani nitakuwa nimekaa karibu naye.